Msitu Usio na Kiwanda

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Swali ni hili, na nimelibeba muda mrefu hata limenizoea: je, ninachokitamani ni kwetu, au ni ule ukimya tu niliokuwa nao nilipokuwa kwetu? Ni mambo mawili tofauti. Ikiwa ni kwetu, sina budi kurudi Pemba. Ikiwa ni ukimya, basi ukimya waweza kupatikana popote penye miti ya kutosha, na hapana haja ya kuyapindua maisha.

Naliandika leo kwa sababu leo limewekewa mwisho. Kaka yangu Murshid ameniletea ujumbe wa sauti kutoka Konde. Imepatikana nafasi ya mwalimu wa biolojia katika skuli niliyosoma mwenyewe. Mwalimu mkuu amekubali kunishikia hadi Jumatatu ijayo, si zaidi. Nyuma ya sauti ya Murshid walisikika kunguru, na mtu akitwanga. Niliurudia ujumbe mara kadhaa. Najishuku kwamba sikuwa nikimsikiliza Murshid.

Nilikuja Guangzhou kusomea misitu. Nikahitimu. Kisha nikamsaidia jamaa mmoja kununua mashati kwa kuwa nilikijua Kichina, kisha binamu wa jamaa huyo, na sasa ni wakala. Nawapokea wanunuzi kutoka nyumbani, nawapitisha katika maduka ya jumla ya Zhanqian Lu, nawasemea bei. Hodari, wanasema. Jani la mwisho nililoligusa lilikuwa la plastiki, mlangoni pa lifti.

Mpango. Alhamisi nitakwenda Conghua, kaskazini ya jiji. Huko viko vijiji ambavyo kila kimoja kimeubakiza msitu wa asili mgongoni pake, msitu wa majani mapana ambao wazee walikataza usikatwe, kwani ndio unaokikinga kijiji na upepo mbaya na balaa. Niliandika kurasa nyingi kuhusu misitu hiyo. Sikupata kuukanyaga hata mmoja. Sasa nitakaa chini ya miti, kimya. Moyo ukitulia, kilichokuwa kikinisumbua ni haja ya ukimya, nitabaki. Usipotulia, ni kwetu, nitarudi. Jaribio safi. Lina sharti moja tu: niwe peke yangu.

Nilitangaza mchana, mkahawani, barabara ya Huanshi Zhonglu. Ilinibidi. Nina mteja, Sufian, muuza jinzi wa Kariakoo, na ilikuwa lazima nimwombe ruhusa ya siku moja. Nilipima kumdanganya. Nikaona ukweli ni rahisi zaidi kuukumbuka. Mezani alikuwapo pia Mwavita, wakala mwenzangu, mzaliwa wa Bukavu, ambaye tunapakana ukuta kwa ukuta na ambaye mpaka sasa amenichukulia wateja wawili na kikaango.

Nikasema nakwenda msituni. Sufian akauliza kufanya nini. Kukaa. Kukaa na nani. Na miti.

Mwavita alicheka mpaka akaishika meza. Kisha akaacha kucheka, ghafla. Akamtazama Sufian. Akaendelea kula polepole sana, kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki, ilhali alikuwa akila maharage. Hilo halikunipendeza.

Jumanne, 11 Novemba

Mpango umeharibika.

Asubuhi nilipeleka katoni za Sufian kwa Marijani. Marijani ana ofisi ya kago karibu na Guangyuan Xilu. Hukusanya mizigo ya watu wengi na kuitia kontena moja kwenda Dar es Salaam. Mtu mzima, mpole, hukaa juu ya marobota kama kadhi. Bila kuinua uso kutoka katika kikombe chake cha chai, akaniuliza kiwanda changu kinatoa jinzi au viatu. Kiwanda gani. Kile cha msituni.

Nimeishi hapa miaka na bado nilisahau kanuni ya kwanza ya mji huu. Duka la jumla ni la kila mtu. Kiwanda, ambako bei ni ya mzalishaji mwenyewe, ni cha aliyekigundua, naye hakitaji hata usingizini. Siku ya kukiendea husema anakwenda hospitali, au kusali, au kumsalimia rafiki. Kila mtu anajua. Anayeambiwa huitikia pole, au tuombeane, kisha hupiga hesabu zake moyoni. Ni adabu ya mahali, na imewatunza watu wengi. Mimi, kwa kusema msitu, nimeivunja.

Marijani alinieleza haya kwa upole wa somo anayemfunda bi arusi. "Dada Kazija, bora ungesema hospitali. Hospitali tunaielewa. Lakini kukaa na miti? Mtu msomi kama wewe akidanganya vibaya namna hiyo, ujue kiwanda chenyewe ni kikubwa, kimemchanganya akili."

Nikamwapia. Akasema naam, niape, kiapo hakigombi. Kisha akauliza kontena la huko nitampa nani.

Jioni akaja Sufian. Hakukasirika. Alihuzunika, jambo lililo baya zaidi. Alisema amenichukulia kama dada yake wa tumbo moja, nami nampitisha Zhanqian Lu kwa bei za watu wote ilhali nina pahala pangu. Mwavita, alisema, amemwahidi kumpeleka bila kumficha. Nikauliza, huyo Mwavita atampelekaje asikokujua. Sufian akakisogeza kiti chake karibu. Akasema ndiyo sababu anataka kwanza nimwambie mimi.

Nimekaa dirishani. Chini wachukuzi wanasukuma marobota, na pikipiki za vifurushi zinapita bila kukoma. Ipo miti barabarani, ya jamii ya mkuyu, imekatwa vichwa ili isiguse nyaya. Naiheshimu kama wafanyakazi wenzangu. Lakini haisemi kitu.

Utotoni nilikuwa nikifuatana na mama katika msitu wa Ngezi kukata ukindu wa mikeka. Mama hakuwa akizungumza mle. Tukitengana, alikuwa akigonga shina la mti kwa mpini wa kisu, mara moja, nami popote nilipo nagonga mti ulio karibu, mara moja. Basi. Maana yake nipo. Tuliweza kushinda asubuhi nzima bila neno jingine. Nimejaribu kukumbuka iwapo nilikuwa na furaha. Sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba swali hilo halikuwapo.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango wa pili. Nimeujenga kwa makini zaidi kuliko tasnifu yangu.

Hoja: ikiwa watu hawauamini ukweli, wapewe uongo, lakini uongo wenye anwani. Nikawaita wote watatu mkahawani. Nikainamisha kichwa. Nikakiri. Ndiyo, kiwanda kipo. Kipo Foshan, kusini-magharibi, mbali kabisa na ninakokwenda. Nikawachorea njia kwenye karatasi ya kufutia mikono: kituo, daraja, duka la vigae, lango la kijani. Nikatia hata mbwa, amefungwa upande wa kushoto. Nikasema bosi wa huko hataki mawakala, anataka wanunuzi waende wenyewe, na waende Alhamisi. Kuhusu rangi ya lango, nikaongeza, sina hakika kamili. Ni tabia ya chuo. Siwezi kutoa dai bila kutaja mipaka yake.

Walishukuru sana. Marijani aliniombea dua. Sufian alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mwavita aliikunja karatasi akaitia kifuani, akaniita maman, akanilipia chai. Katika miaka yote ya ujirani wetu hajapata kunilipia hata maji.

Nakiri nilijiona mwerevu.

Vitu viko tayari. Chupa ya chai. Mkate. Mkeka mdogo wa kukunja alionishonea mama. Viatu vya kutembelea porini, nilivyovinunua dukani kwa bei ya reja reja, nikiwa nimejifunika uso nisije nikaonekana na mteja.

Sasa hivi namsikia Mwavita ng'ambo ya ukuta akizungumza na simu. Anacheka. Kifaransa changu ni haba, lakini neno nord nalijua, ni kaskazini. Amelirudia. Huenda anazungumzia hali ya hewa. Inasemekana baridi itatoka huko.

Alhamisi, 13 Novemba

Niandike kwa utaratibu, kwani sijui bado niliyoyaona ni nini.

Nilitoka mapema. Treni ya chini ikatoka ardhini na kuwa treni ya juu. Jiji likakatika polepole, kama mgeni anayeaga na kukaa tena. Kisha basi. Vilima, mashamba ya malichi, kuku. Niliketi dirishani nikitazama mbele muda wote. Nasisitiza mbele. Ningetazama nyuma mara moja tu, ningeiona teksi.

Kijiji kina bwawa usoni na vigae vya kijivu, na nyuma yake msitu umepanda kilima, mzito, wa kijani cha giza, kama mtu aliyesimama nyuma ya kiti cha mtoto. Niliteremka. Nikavuta pumzi. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Walitoka mmoja mmoja, kama katoni. Kwanza Mwavita, mfuko mkubwa wa mistari begani, mkononi ile mizani yake ya kuning'iniza yenye ndoano. "Aa, dada. Mi nimekuya kusali tu." Kisha Sufian, futi ya fundi shingoni. Amekuja kumsalimia rafiki. Mwisho Marijani, koti limefungwa vifungo vyote, mkono kifuani kwa heshima. Hospitali.

Nikauliza habari za Foshan.

Marijani ndiye aliyejibu, na alisikitika kwa niaba yangu. "Dada yangu, mwenye kiwanda hamchorei mwenzake ramani. Ukituonyesha kusini, basi ni kaskazini. Na ulipomtia yule mbwa, hata mimi nilikuonea huruma."

"Na chai ulikunywa," akasema Mwavita. "Hukujiuliza hata kidogo."

Nikawaambia kwa mara ya mwisho kwamba hapa hapana kiwanda, pana msitu tu, nami nimekuja kukaa. Sufian akasema haina neno, kila mtu ana shughuli zake. Wakanifuata kwa umbali wa adabu.

Kando ya bwawa bibi mmoja wa kijiji alikuwa akianika mboga kwenye nyungo. Mwavita akamwamkia kwa Kichina chake cha sokoni. Laoban, akamwita, yaani bosi, kama anavyomwita kila Mchina mwenye nywele; kisha akaelekeza ndoano ya mizani kwenye kilima na kuuliza bei. Bibi akakitazama kilima. Akaitazama mizani. Akasema bu mai. Haiuzwi. Akaeleza kwamba msitu ni mgongo wa kijiji, na kwamba hata tawi lililoanguka lenyewe halitolewi. Tuingie tukipenda, tukae tutakavyo, tusitoke na kitu.

Niliwatafsiria neno kwa neno, nikitumaini. Nilikosea. Mwavita aliguna kwa heshima kubwa. Zhanqian Lu, muuzaji anayesema haiuzwi ana oda nene ya mtu mwingine. Wote watatu wakanigeukia. Huyo mtu mwingine alikuwa mimi.

Tukaingia.

Harufu ilinifika kabla ya kivuli. Majani yaliyoloa, uozo mtamu, gome. Mikafuri minene, na miti ya ukoo wa zile njugu za mtini zinazokaangwa barabarani mji ukipoa. Majani yake mapana, magumu, yanang'aa, ncha zimechongoka ili maji yatiririke. Mitambazi minene kama kamba za meli. Chini laini. Niliyajua majina yake yote ya kitaalamu, na hakuna hata moja lililonijia. Nilitandika mkeka penye mizizi mikubwa, nikakaa. Nikafumba macho.

Nikafumbua. Walikuwa wamekaa nao, nusu duara, kila mmoja kwenye mzizi wake. Hakuna aliyesema neno.

Ilinichukua muda kuelewa. Walikuwa katika biashara. Kwenye kupatana bei, anayesema kwanza ndiye anayepoteza, na Mwavita anaweza kumnyamazia muuzaji mpaka muuzaji ajishushie mwenyewe. Walikuwa wakimsubiri bosi wa kiwanda, na kila mmoja alikuwa ameapa moyoni hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo. Nilipewa, basi, ukimya kamili. Jani likianguka lilisikika. Ndege mmoja aliita, akafikiri, akaita tena.

Kisha Mwavita akainuka. Akaenda kwenye mkafuri mkubwa kuliko yote, akaugonga shina kwa ndoano ya mizani. Mara moja. Nadhani alitaka kujua kama una uwazi ndani.

Mkono wangu ulikuwa umeshaokota kijiti na kugonga mzizi kabla sijauuliza. Mara moja.

Sufian akanong'ona kwamba kumbe ndiyo ishara yenyewe. Marijani, asije akaachwa nje ya hesabu, akagonga naye kwa kidole cha pete. Kisha sote tukasubiri. Hapana aliyeitikia kutoka juu ya kilima. Nilikuwa nikisikiliza kwa bidii kuliko wao wote, na sijui ni nani niliyedhani ataitikia.

Mwavita alikuja kukaa juu ya mkeka wangu bila kuomba. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa akisema nami. "Nyuma ya nyumba ya koko kulikuwaka hivi. Ilikuwa inanuka hivi hivi." Koko ni bibi yake. Akasema kwamba siku hizi njia ile haipitwi, kwa sababu ya watu wenye bunduki. Akasema tena, "Hivi hivi." Bega lake likaegemea langu. Nilifikiri huenda ni mbinu. Sijaamua bado. Marijani alikuwa amelala, akikoroma kwa adabu, na Sufian alikuwa amevua viatu akichezesha vidole vya miguu katika majani, jambo ambalo nadhani hakujua analifanya.

Moyo wangu ulitulia. Naliandika kwa uaminifu. Ulitulia kabisa.

Lakini jaribio limeharibika. Sharti lilikuwa niwe peke yangu, na siwezi kutenganisha: ulitulizwa na miti, na ukimya, au na bega la mwanamke aliyenichukulia kikaango?

Wakati wa kutoka bibi wa mboga alitukagua kwa macho. Akaonyesha kidole kwenye nywele za Sufian. Palikuwa na jani. Sufian, mtu mzima mwenye fremu mbili za duka Kariakoo, akalichukua kwa vidole viwili, akarudi kilimani peke yake, akaliweka pale alipokuwa amekaa, akashuka.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilitarajia leo nicheke peke yangu. Wamekaa msituni, hawakukuta kiwanda, habari imekwisha.

Haikwisha. Imenenepa. Marijani aliipima na wenzake baada ya sala ya Ijumaa, akanipitishia majumuisho. Bosi hakutokea kwa sababu tulikuwa wengi. Ishara ilitolewa ipasavyo, Marijani mwenyewe aliisikia, na aliisaidia. Na ulinzi wa mahali pale si wa kawaida: jani moja lilionekana kichwani mwa mtu likarudishwa. Alinitaka nifikiri, mimi niliyesoma, ni mali ya thamani gani inayolindwa hata jani.

Nilimwambia ni msitu. Akasema naam.

Sufian amepona huzuni. Anabaki nami, hamtaki wakala mwingine. Mtu anayeweza kuitunza siri mbele ya mashahidi, huku anatazamwa usoni, huyo ndiye wa kumkabidhi mtaji. Atasubiri siku nitakayoona inafaa. Zhanqian Lu naamkiwa na watu nisiowajua. Mama mmoja wa Tanga aliniuliza kama Alhamisi nachukua watu.

Jioni Mwavita akabisha hodi akanirudishia kikaango. Kimesuguliwa, kinang'aa. Niliogopa sana.

Jumapili, 16 Novemba

Kesho ni siku ya kujibu.

Nimejaribu kuipa kila upande haki yake. Upande wa kurudi: mama, ukindu, watoto wa skuli wanaosema madamu kwa sauti moja. Upande wa kubaki: kazi ninayoiweza, na kule kutoulizwa kila siku kwa nini sijaolewa. Mizani haiegemei. Nilitegemea ushahidi wa Alhamisi, na ushahidi wa Alhamisi ni mchafu. Mtafiti mwaminifu halazimishwi kuhitimisha. Anarudia jaribio.

Kwa hiyo nahitaji wiki moja zaidi. Mwalimu mkuu atataka sababu. Kwamba nataka kukaa msituni tena ni sababu iliyokwisha kushindwa. Kwamba naumwa, mama hatalala. Nikachagua kitu cha katikati. Nikamtumia Murshid ujumbe wa sauti: kuna kazi kubwa ya mteja, ya siri kidogo, siwezi kuieleza kwa simu, aniombee wiki moja tu. Niliusikiliza baada ya kuutuma. Sauti ilikuwa tulivu, ya kuaminika. Ameupokea. Hajajibu.

Jua lilipokuwa likizama nilisikia kitu ukutani, upande wa Mwavita. Kugonga. Mara moja tu.

Vifundo vya vidole vyangu viliitikia. Mara moja.

Baadaye tulikutana kwenye lifti. Hatukulitaja. Tulizungumza bei ya vitunguu.

Jumatatu, 17 Novemba

Murshid amejibu, akicheka. Si kicheko kibaya.

Habari zilifika Konde kabla ya ujumbe wangu. Shemeji wa Marijani yuko Wete. Wete na Konde si mbali kwa mtu mwenye habari. Inajulikana tayari kwamba Kazija amegundua kiwanda ndani ya msitu, kinalindwa na bibi kizee, na kwamba bosi wake anaitwa kwa kugonga mti. Mwalimu mkuu aliposikia alifurahi sana kwa ajili yangu. Hata hivyo alikuwa bado ameishika nafasi, akisema porojo ni porojo. Ndipo Murshid alipomsikilizisha ujumbe wangu, ule wa kazi kubwa ya siri. Mwalimu mkuu akasema basi ni kweli; aliye na kiwanda hawezi kurudi kushika chaki, ni kumwonea. Jana hiyohiyo nafasi amempa mwingine. Kijana wa Micheweni. Mzuri, anasema Murshid, anapenda vyura.

Nikakaa kitandani. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja.

Watu wengi nyumbani wanauliza kiwanda kinatoa nini. Mama, anasema Murshid, hakuuliza hivyo. Mama aliuliza msitu wenyewe ukoje, na kama una ukindu. Akauliza pia, pale nilipogonga, kama alikuwapo aliyeitikia.

Nimeusikiliza ujumbe huo zaidi ya ule wa kwanza. Safari hii nilikuwa nikimsikiliza Murshid.

Lililobaki bila jibu ni lilelile la mwanzo, na sasa halina hata tarehe. Sijui kama ningekubali nafasi ile. Sijui kama ninachokitamani ni kwetu au ni ukimya. Leo asubuhi, nikiwa na kiatu kimoja, nilijiwa na wazo la tatu: kwamba katika Ngezi sikupata kuwa peke yangu hata siku moja, kwamba ule haukuwa ukimya bali ni mazungumzo ya neno moja, na kwamba kwa hiyo sharti langu lilikuwa kosa, na Alhamisi sikuharibiwa chochote. Wazo hili lina mvuto mkubwa. Kwa sababu hiyo nalitilia shaka. Limetoka katika tukio moja, lenye mashahidi watatu ambao mmoja alikuwa amelala. Hakuna msomi atakayelipokea. Na hapa ndipo ninapokwama, kwa kuwa mpimaji na kinachopimwa ni moyo mmoja, na kila ninapoutazama naona unajiweka sawa kwa kutazamwa.

Jaribio lirudiwe. Alhamisi, Conghua, kijiji kilekile. Peke yangu kabisa.

Makosa ya mwanzo nimeyasahihisha. Sikutaja msitu, wala sikuchora ramani. Nimewaambia wote mchana, mkahawani, kwa sauti ya kawaida, kwamba Alhamisi nakwenda hospitali. Marijani mwenyewe ndiye aliyesema hospitali wanaielewa.

Imepokelewa vizuri mno. Marijani alisema pole sana, dada. Sufian alisema tuombeane. Mwavita aliuliza tu kama nitauchukua ule mkeka. Nikamjibu kwamba hospitalini vipo vitanda.